Rangi ya Kuzama

Mama alinipigia simu mwezi Juni 2022, mvua zikiwa zimekatika na njia ya kwetu imekauka. Hakuzunguka. Alisema, "Ukija likizo, njoo na dawa zako za makochi. Kuna mkoba wa baba yako nataka uurudishie rangi."

"Dawa za makochi" ndilo jina alilolipa kazi yangu. Nina karakana ndogo Keko, Dar es Salaam, mtaa unaonuka mbao na vanishi kuanzia asubuhi. Wenzangu wanatengeneza makochi mapya. Mimi natengeneza yaliyochoka: viti vya ngozi vya maofisini, viti vya magari, mikoba, mara mojamoja jaketi la mtu aliyewahi kukaa Ulaya. Nimeifanya kazi hii miaka 17 na sikumbuki kuogopa kipande cha ngozi. Huo mkoba niliuogopa kabla sijaufikia.

Ipyana ni kata ya wilaya ya Kyela, kwenye tambarare iliyo kati ya milima ya Tukuyu na Ziwa Nyasa. Kwa Kinyakyusa neno hilo ni neema. Ukishuka kwa basi kutoka Tukuyu unaacha baridi na mashamba ya chai nyuma yako, kila kona inakuongezea joto, na ukifika chini shati limeshagandamana na mgongo. Huku ni kwa mpunga, kakao na michikichi. Masika yakikolea, mito inayotoka milimani inafurika, maji yanatanda mashambani mpaka njia ya baiskeli haijulikani ilipo. Maji hayo yanatupa mchele ambao watu wa Dar wanauulizia kwa jina. Yanatupa na mbu. Mbu hao ndio waliompa baba yangu kazi.

Alikuwa mganga msaidizi wa vijijini katika zahanati moja ya upande wa ziwani. Asubuhi alikaa zahanati, jioni alizunguka kwa baiskeli kuwaona wagonjwa walioshindwa kutembea. Mkoba ulilala kwenye keria, umefungwa kwa mpira wa tyubu. Ndani mlikuwa na klorokwini, kwinini ya sindano kwa waliozidiwa, pamba, spiriti, chupa ya GV, kipimajoto kwenye bomba lake, na daftari. Mwaka 2001, serikali ilipoiacha klorokwini kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, baba alikaa barazani akahesabu vidonge vilivyobaki mkobani, akaandika idadi yake, kesho yake akavirudisha. Ndivyo alivyokuwa. Kitu cha watu alikihesabu.

Mkoba wenyewe alipewa mwaka 1983 na daktari mmoja wa kizungu aliyekuwa anarudi kwao. Mimi nilizaliwa mwaka huohuo, kwa hiyo nyumbani walikuwa wakisema mkoba ni pacha wangu. Ulikuwa wa kahawia iliyoelekea kwenye wekundu, kama punje za kakao zilizokaushwa vizuri.

Mama alipoutoa kwenye sanduku mwezi wa saba, pacha wangu alikuwa amezeeka kuliko mimi. Upande wa juu, uliotazama jua kwa zaidi ya miaka 20 ya kupanda keria, ulikuwa umepauka ukawa kama jani kavu la mgomba. Upande wa chini ulibaki na rangi yake. Mshikio ulikuwa mweusi kwa mafuta ya mkono. Kuvu ilikuwa imeota madoadoa meupe kwenye mikunjo, maana nyumba za Kyela wakati wa masika zinakuwa na unyevu hadi ndani ya masanduku. Na kwenye kona ya chini palikuwa na doa la zambarau, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Mama alisema, "Mjukuu wangu anaanza masomo ya utabibu mwezi wa kumi. Nataka aende na mkoba wa babu yake. Lakini uwe wa heshima. Urudishie rangi, na hilo doa ulitoe kabisa. Sitaki mtoto abebe pombe ya babu yake."

Nikamjibu, "Nitaangalia, mama." Ni jibu la mafundi wote ambao hawataki kusema ukweli.

*

Viti vingi ninavyopokea Keko vimepakwa rangi ninayoiita ya kufunika. Ni rangi nzito, yenye chembe, inayokaa juu ya ngozi kama rangi ya mafuta inavyokaa juu ya mlango. Inaficha vinyweleo, inaficha makovu, inavumilia jua na chai iliyomwagika. Ikichubuka unachanganya nyingine inayofanana nayo, unapaka, umemaliza.

Ngozi ya anilini ina tabia nyingine. Kiwandani huzungushwa kwenye pipa kubwa pamoja na rangi iliyoyeyushwa mpaka rangi izame ndani, na juu haifunikwi na kitu, au hupewa utando mwembamba sana. Kwa hiyo unaona kila kitundu cha unywele, kila mkunjo wa shingo, kila mahali ng'ombe alipoparuzwa na mwiba. Kwa sababu hiyo huchaguliwa ngozi safi tu. Tanzania ina ng'ombe wengi, lakini ngozi zetu nyingi hazifiki huko: zina chapa za moto, alama za kupe na michubuko ya kisu cha mchunaji. Hizo huishia kwenye rangi ya kufunika.

Uzuri wa anilini ndio udhaifu wake. Rangi yake haina paa. Miale ya jua inaingia na kuivunjavunja taratibu, na ikishavunjika hairudi. Maji yanazama, jasho linazama, mafuta yanazama. Ukitaka kuitambua, dondosha tone la maji mahali pasipoonekana. Kwenye ngozi iliyofunikwa tone linakaa juu kama umande kwenye jani la gimbi. Kwenye anilini linaingia, panakuwa peusi, kisha panakauka na kurudi palivyokuwa.

Nilidondosha tone nyuma ya mkoba wa baba. Likazama kabla sijaondoa kidole.

"Umeshauharibu?" mama aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu na sikujua.

"Subiri kidogo, mama."

Tulisubiri wote wawili, tumeinama, mpaka weusi ukapotea.

*

Jina anilini lina udugu na Kiswahili. Linatokana na neno la Kireno, anil, lililotoka kwenye Kiarabu, an-nil, na kabla ya hapo kwenye Kisanskriti. Ni shina lilelile lililotupa sisi neno nili, ile rangi ya buluu ya mmea. Mkemia wa Kijerumani aliipata anilini mwaka 1826 kwa kuipasha nili moto na kukusanya mvuke wake. Baadaye ikaonekana kwamba inapatikana pia kwenye lami ya makaa ya mawe, ambayo viwanda vya Ulaya vilikuwa nayo tele.

Mambo hayo niliyasikia Mwanza, kwenye kampasi ya DIT inayofundisha teknolojia ya ngozi, nilikokwenda kwa kozi fupi. Mwalimu alitusimulia habari za kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin. Mwaka 1856 alikuwa na miaka 18, yuko nyumbani kwao London kwa likizo ya Pasaka, anahangaika kwenye maabara aliyojitengenezea. Alitaka kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vya ile lami. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi, na alipoliyeyusha kwa spiriti likatoa zambarau iliyong'ang'ania kwenye hariri. Ikawa rangi ya kwanza ya anilini kutengenezwa kwa biashara kubwa, na nyuma yake zikaja nyingine nyingi, za vitambaa na za ngozi.

Darasa lilicheka: mtu katafuta dawa ya homa, kapata rangi ya gauni. Mwalimu akasema tusicheke haraka, kwa sababu rangi zenyewe ziligeuka zikawa dawa. Mwaka 1891, huko Berlin, Paul Ehrlich na mwenzake waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi ya buluu ya methilini, wakapata nafuu. Mwaka huohuo wamisionari wa Kijerumani walikuwa wanafika Unyakyusa kwa njia ya ziwa letu. "Na ile GV mnayowapaka watoto wenye vidonda mdomoni," mwalimu akamalizia, "nayo ni rangi ya ukoo huohuo. Ni binamu wa kile kilichoko kwenye viatu vyenu."

Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini nikaangalia vidole vyangu.

*

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka 1994, maji yametanda, nina miaka 11. Baba alikuwa kwenye kikao cha kijiji na baiskeli yake imeegemezwa nje, mkoba uko kwenye keria. Sisi watoto tulikuwa tunacheza karibu. Mmoja akasema mtoto wa daktari hajui hata sindano inavyoshikwa. Nikaufungua mpira, nikauchukua mkoba, tukaenda nao ng'ambo ya mfereji ili tucheze hospitali. Daraja lilikuwa gogo la mchikichi. Mvua ilikuwa imelilowesha.

Sikuanguka majini. Nilianguka kifudifudi juu ya gogo, mkoba chini yangu, nikasikia vioo.

Ampuli za kwinini zilipona kwa kuwa baba alizizungushia pamba. Chupa ya spiriti na chupa ya GV zilikwisha. Nilizamisha mikono nikijaribu kuokoa, nikaitoa ikiwa ya zambarau mpaka kwenye vifundo. Wenzangu walikimbia. Nikaurudisha mkoba kwenye keria, nikafunga mpira kama ulivyokuwa, nikaenda mfereji wa nyuma ya nyumba kujisugua. Nilisugua kwa mchanga, kwa majani ya mpera, kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Aliyewahi kupakwa GV anajua. Maji yanaifanya ing'ae tu.

Sasa lazima niseme jambo ambalo nyumbani lilikuwa halisemwi. Baba aliwahi kunywa. Alianza na kimpumu kwenye vilabu kama wanaume wengine, akamalizia na gongo, na kuna mwaka mama alifunga nguo zake akaenda kwao. Aliacha mwaka 1992. Aliapa mbele ya kaka zake, mama akarudi. Kwa hiyo usiku ule, alipoingia ameukumbatia mkoba kifuani ili usidondoshe sakafuni, shati limelowa na nyumba nzima imejaa harufu ya spiriti, mama hakuona zambarau. Kwa pua ya mke aliyeteseka, spiriti na gongo ni kitu kimoja.

"Umeanza tena," alisema.

Baba aliweka mkoba mezani. Akaufungua, akawa anatoa vipande vya chupa, kimoja kimoja, anavipanga juu ya gazeti. Kisha akaniangalia. Nilikuwa nimesimama kwenye pembe ya chumba, mikono nimeibana kwapani. Aliniangalia usoni, akaangalia makwapa, akarudi kwenye vioo vyake.

"Vimevunjika," alisema.

"Vimevunjwa na nani?"

Hakujibu. Mama alingoja jibu kwa muda mrefu, akachukua taa, akaja kulala kwenye chumba chetu watoto.

Alfajiri, kabla mtu hajaamka, baba aliniinua kitandani, akanipakia kwenye baiskeli. Kule zahanati alilowesha pamba kwenye spiriti akanifuta vidole. Spiriti ndiyo inayoitoa GV. Alifuta kidole kimoja kimoja, akazunguka kila ukucha, pamba ikigeuka zambarau anaitupa anachukua nyingine. Nilingoja aseme. Alisema mara moja tu, wakati anamaliza kidole gumba.

"Ungeweza kujikata."

Tuliporudi, mama alikuwa ameshakwenda shambani. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe.

Wiki ile kaka zake baba waliitwa. Walikaa barazani, nami nilikuwa nyuma ya ukuta wa udongo nasikia kila neno. Baba mkubwa aliuliza, "Umekunywa?" Baba akasema, "Nimekosa." Alitozwa jogoo, akaambiwa aape upya, akaapa. Dawa zilizomwagika alizilipa kwa mshahara wake. Na kwa miaka yote iliyofuata, kila walipokosana juu ya jambo lolote, la ada za shule au la kiwanja, mama alikuwa na neno moja la kumalizia: "Mimi ile zambarau sijaisahau."

Kwa nini sikusema? Nikiwa na miaka 11 niliogopa fimbo. Nikiwa na 20 niliona aibu. Nikiwa na 30, na watoto wangu mwenyewe, nilijiambia ni mambo ya zamani, wazee wameshayamaliza. Baba alifariki Agosti 2021. Siku za mwisho nilikaa naye hospitalini, nikamkata kucha, na nilipofika kwenye kidole gumba neno lilikuja hadi kwenye meno. Muuguzi akaingia kubadilisha dripu. Nikalimeza.

*

Siku ya kwanza ya kazi sikugusa rangi. Niliutoa mkoba nje, kwenye kivuli cha mwembe, nikafuta kuvu kwa kitambaa kikavu mbali na nyumba, kisha kwa kitambaa chenye maji na spiriti kidogo. Nikapitisha povu la sabuni laini kwa brashi ya nywele, bila kuloweka. Kitambaa kilitoka na utando mweusi wa mafuta. Ilikuwa rangi ya viatu. Kila Jumamosi baba aliupaka mkoba kiwi pamoja na viatu vyake, na nta ya miaka hiyo yote ilikuwa imeziba vitundu. Rangi ya kuzama haizami penye nta. Nilitumia siku nzima kuitoa nta hiyo, na nilijua kabisa ninachofuta ni Jumamosi zake.

Siku ya pili nilichanganya rangi. Kahawia haiko peke yake, imejengwa na nyekundu, njano na nyeusi kidogo, na jua halizichukui zote kwa pamoja. Kwenye mkoba huu wekundu ulitangulia kuondoka, ndiyo maana sehemu iliyopauka ilikuwa na ukijani wa ugonjwa. Fundi asiyejua hupaka kahawia juu yake na kupata tope. Nilianza kwa kurudisha wekundu peke yake, unga wa rangi umeyeyushwa kwenye spiriti na kuzimuliwa mpaka ukawa mwepesi kama chai ya strungi. Nilijaribu chini ya mfuko wa ndani. Nikangoja ukauke, kwa sababu ngozi mbichi hudanganya, huonekana imekolea kuliko ilivyo. Kisha nikaanza kwa sponji, kwa mizunguko midogo, bila kusimama mahali pamoja.

Mkono wa kwanza hauonyeshi kitu. Wa pili unaleta mabaka, na hapo ndipo mwenye mali hukasirika. Mdogo wangu, mama yake mwanafunzi, alipita akasema, "Kaka, mbona kama una mba?" Nikamwambia arudi kesho. Baada ya mkono wa tano, upande uliopauka ulianza kuukaribia upande wa chini. Haukulingana nao. Ngozi iliyokaa juani haiwezi kurudi kuwa ngozi ambayo haikukaa juani, na mteja anayetaka hivyo namwambia anunue mkoba mwingine. Lakini ile kahawia ya kakao ilikuwa imeamka.

Likabaki doa.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni spiriti, ambayo ingelitoa kiasi, lakini ingeondoka pia na rangi ya ngozi yenyewe na kuisambaza zambarau pembeni. Ya pili ilikuwa kwenye begi langu: kopo la rangi ya kufunika, kahawia. Dakika kumi, na doa halipo. Mama angefurahi, mjukuu angeondoka na mkoba mzuri, na pale kwenye kona ile pangekuwa na ngozi isiyo na vinyweleo wala mistari, laini kama plastiki. Nani angegundua? Fundi tu. Njia ya tatu ilikuwa kuliacha.

Nililifungua kopo. Nikalikoroga. Nikakaa nalo mkononi kwa muda wa kutosha utando kuota juu yake.

Mama alikuwa upande wa pili wa mwembe, anachagua mawe kwenye mchele. Nilimwambia kutoka palepale nilipokaa, kwa sababu nilijua nikisimama nitakwenda mahali pengine.

"Mama, hilo doa ni la kwangu."

Aliendelea kuchagua. Nilimweleza gogo, mfereji, watoto wenzangu, vidole, pamba ya alfajiri. Nilimweleza na ukuta wa udongo, na jogoo. Alipepeta ungo mara mbili, kisha akauweka magotini na hakuugusa tena.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu sikumpakulia. Alikuwa anakwenda kula kwa mama yake, na mama yake akanisema kijiji kizima."

Nilinyamaza.

"Na hakusema."

"Hakusema."

"Kwa nini hakusema?"

"Sijui, mama. Labda aliona nitapigwa."

"Ungepigwa," alisema. "Tena na mimi." Akaniangalia. "Na wewe ukakaa nalo. Ukasoma, ukaoa, ukazaa, ukaja ukamzika, ukalifukia kaburi kwa mkono wako. Umekaa nalo."

"Nimekaa nalo, mama."

Aliinuka, akaingiza ungo ndani, akatoka na jembe akaenda shambani, ingawa jua lilikuwa la saa saba na hakuna mtu wa Kyela anayelima saa hiyo. Hakurudi mpaka jioni. Usiku alipakua chakula, tukala, hakunisemesha. Nilimsikia chumbani kwake, halii, anahamishahamisha vitu.

*

Siku ya nne nilimalizia. Nilipitisha mafuta ya kwato za ng'ombe, kidogo sana, ngozi inywe na isinenepe. Nikasubiri. Kisha nta ya nyuki kwa kitambaa cha fulana, nikasugua mpaka kitambaa kikapata joto. Nta inapokauka mtu hana cha kufanya, kwa hiyo nilichukua karatasi nikamwandikia mpwa wangu masharti. Usiuanike juani, hata kidogo. Usiuweke dirishani kwenye kioo. Ukinyeshewa, ufute, ukauke wenyewe kivulini, usiupeleke jikoni. Usiupake kiwi. Ukipauka tena niletee, usimpe mtu anayepaka. Nikafika sharti la mwisho nikasita, nikaandika: Kuhusu doa la zambarau, niulize mimi.

Mama alitoka akasimama juu yangu. Akauchukua mkoba, akaugeuza upande wa juu, upande wa chini, akaushika mshikio kama mtu anayetaka kuondoka nao. Mshikio sikuurudishia kitu. Weusi ule ni mafuta ya mkono wa baba na umeshafika mwisho wa ngozi. Kisha akaipeleka kona ile karibu na macho yake, maana sasa haoni vizuri, akaweka kidole gumba juu ya doa na kulikandamiza, kama anavyojaribu kama embe limeiva.

"Halitoki?"

"Linaweza kufunikwa."

"Nimekuuliza kama linatoka."

"Halitoki, mama."

"Basi liache."

"Mtoto akiuliza?"

"Atauliza," alisema. "Utamjibu wewe. Usimwachie mwingine." Akausoma ule mkoba tena kwa vidole. "Na umwambie alikuwa hajanywa. Uanze na hilo."

Aliuingiza ndani. Haukurudi kwenye sanduku. Niliuona baadaye umewekwa mezani, penye kivuli, juu ya kitambaa cheupe.

Saa nane aliniita chakula. Wali wa Kyela unajulikana kabla hujauona, harufu inakuja na kukutoa ulipo. Aliweka sahani mbili, akaleta beseni na jagi la maji, akasimama kunimiminia kama tulivyokuwa tukimiminiwa utotoni. Nilinyoosha mikono. Ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye vifundo, na kwenye kucha kulikuwa na ule wekundu wa mkono wa kwanza. Sikupenda kuvaa glavu, na siku hizi nne sikukumbuka kabisa.

Mama aliacha kumimina. Aliviangalia vile vidole muda mrefu.

"Haitoki kwa maji, mama," nilisema.

"Najua haitoki kwa maji," alisema. "Chukua kijiko."